Daftari la makosa: shajara ya mradi wa Hisabati, Kidato cha Pili, Moshi

Januari 22, 2024

Nimefungua kaunta buku mpya kwa ajili ya kazi hii moja: kutafuta watoto wanafikiri nini wanapokosea hesabu. Tumekubaliana walimu watatu wa idara ya Hisabati, na mkuu wa shule ametupa baraka zake. Shule yetu ni ya kata, ipo upande wa tambarare ya Moshi, na watoto wengi wanatembea kwa miguu kutoka Pasua, Njoro na Majengo. Kidato cha Pili tuna mikondo miwili, watoto 97. Mwishoni mwa mwaka watafanya upimaji wa kitaifa.

Kilichonisukuma ni karatasi zao za mtihani wa kufunga mwaka. Zilikuwa zimeshasahihishwa na alama zimeshaingia kwenye fomu, lakini nilizibeba nyumbani likizoni nikazisoma upya bila kutafuta alama. Safari hii nilikuwa natafuta mtoto alifikiri nini alipokosea.

Swali moja lilisomeka hivi, na naliandika kama lilivyokuwa kwa sababu shida imo kwenye maneno yenyewe: “Three less than twice a number is 15. Find the number.” Kati ya watoto 97, waliopata ni 9.

Binti mmoja aliandika 3 − 2x = 15. Akahamisha 3 kwenda upande wa pili, akapata −2x = 12, akagawanya kwa −2, akamaliza na x = −6. Mstari kwa mstari, alama za hasi zote zimekaa mahali pake. Kugawanya kwa namba hasi ni jambo linalowaangusha wengi, na yeye amelifanya kwa usafi kabisa. Peni yangu nyekundu ilimpa sifuri. Wengine waliandika 3 < 2x = 15. Niliangalia ile alama kwa muda mrefu, ndipo nikakumbuka kwamba sisi wenyewe ndio tuliowafundisha Kidato cha Kwanza kwamba alama hiyo jina lake ni “less than”, yaani ndogo kuliko. Mtoto ameona jina, ameandika alama yake. Ametii tulichomfundisha.

Kwa miaka kadhaa sasa matokeo ya Hisabati ya Kidato cha Nne nchini yamekuwa yakitoa mtu mmoja anayefaulu kati ya watano, au zaidi kidogo. Tumezoea kusema watoto hawapendi hesabu. Nikitazama karatasi ya yule binti, siwezi kuyarudia maneno hayo.

Januari 24

Nilimwita yule binti wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilitaka kumpitisha kwenye maswali matano yaliyotokana na kazi ya Anne Newman, mtafiti wa Australia aliyeonyesha mwaka 1977 kwamba mtu anayetatua fumbo la hesabu hupita ngazi tano: kusoma, kuelewa, kugeuza maneno kuwa hesabu, kukokotoa, na kuandika jibu. Akikwama ngazi moja, zinazofuata hazimsaidii.

“Nisomee swali.” Akasoma vizuri, kila neno.

“Swali linataka nini?” Akanyamaza. Kisha akasema, “Linataka namba, madam.”

“Namba ya namna gani?” Akaanza kusoma tena kutoka mwanzo.

Nikamwambia kwa Kiswahili: “Nina namba yangu kichwani. Nimeizidisha mara mbili, kisha nikatoa tatu, nimebaki na kumi na tano. Namba yangu ni ipi?”

Hakuchukua hata karatasi. “Tisa.”

Tukakaa kimya sote wawili. Halafu akavuta karatasi yake ya mtihani, akaangalia swali, akaniangalia. “Kumbe ndiyo hili hili?”

Watoto hawa wamesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi. Wanaingia sekondari, lugha inabadilika siku ya kwanza, na sisi tunaendelea na mada kana kwamba kilichobadilika ni sare tu.

Februari 7

Nimeshawahoji watoto 24 mmoja mmoja, wa alama za juu, za kati na za chini, kila mmoja kwa swali alilokosa mwenyewe. Ni kazi inayokula muda. Dakika kumi na tano kwa mtoto, na mara nyingi nimekosa makande ya mchana. Lakini nimepata nilichokuwa nakitafuta. Kati ya 24, watoto 15 walikwama kabla hawajafika kwenye kukokotoa: wanne kwenye kusoma maneno, sita kwenye kuelewa, watano kwenye kugeuza. Waliokwama kwenye hesabu yenyewe walikuwa saba. Wawili walikokotoa sawasawa wakaandika jibu lisilojibu swali. Mmoja aliulizwa umri wa mama akaandika wa mtoto.

Nimeyaweka haya mbele ya wenzangu kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) cha shule. Mwalimu mmoja akauliza swali la haki kabisa: mtihani wa taifa uko kwa Kiingereza, tukiwatafsiria leo, siku ile nani atawatafsiria? Tumelijadili mpaka jioni. Tulichokubaliana ni utaratibu huu: fumbo linasomwa kwa Kiingereza, linasimuliwa na mtoto kwa Kiswahili, linaandikwa kwa alama za hesabu, kisha jibu linaandikwa kwa sentensi ya Kiingereza. Kiswahili ni daraja la katikati na kila mtoto lazima avuke mpaka ng'ambo.

Februari 26

Daftari la makosa limeanza. Kila mtoto ana daftari lake la kurasa 48, tofauti na lile la mazoezi. Ukurasa unagawanywa kwa rula sehemu tatu: nilichoandika, nilichokuwa nafikiri, ninachofanya sasa. Sheria ni moja tu: hakuna kufuta. Kosa linanakiliwa lilivyokuwa.

Sehemu ya katikati ndiyo ngumu. Wiki ya kwanza karibu wote waliandika “sikuwa makini”. Nilirudisha madaftari. “Sikuwa makini” haimwambii mwalimu kitu. Leo nimeanza kupata sentensi za kweli: “Nilidhani ukizidisha lazima namba ikue.” Huyo alikuwa anazidisha 6 kwa 0.5, na jibu lake sahihi la 3 alilikata mwenyewe akaweka 30. Sentensi hiyo moja imenipa kipindi kizima cha kesho.

Ukutani tumebandika karatasi za manila zenye maneno yanayowatega. Mwalimu wa Kiingereza amejiunga nasi kwa hiari yake na ndiye aliyegundua kwamba vineno vidogo ndivyo vinavyoua kuliko istilahi kubwa. Neno kama “logarithm” mtoto analijifunza kwa sababu analiogopa. Lakini “from”, “than”, “at least”, “each” anavipita bila kuviona. Kwa Kiswahili tunasema kumi na mbili toa saba, namba zinafuatana kama zinavyoandikwa. Kwa Kiingereza wanaambiwa “subtract 7 from 12”, saba inatangulia, na mtoto anaandika 7 − 12. Tumeweka sentensi hizo mbili pamoja kwenye manila moja, na mshale mwekundu unaopindua namba.

Machi 13

Mtihani wa nusu muhula. Kabla ya kusahihisha tulifanya jaribio: karatasi moja ya mwanafunzi, jina limefunikwa, tukaitoa nakala tatu, kila mwalimu akasahihisha peke yake. Swali la 4 lenye alama 10 lilipata 4 kwangu, 6 kwa wa pili, 7 kwa wa tatu. Mtoto ni yule yule na mwandiko ni ule ule.

Tofauti ilitoka kwenye alama za njia. Mimi nilikata kila kitu baada ya kosa la mstari wa pili. Mwenzangu aliendelea kumpa alama kwa sababu hatua zilizofuata zilikuwa sahihi kwa namba aliyokuwa nayo. Tulikuwa na majibu ya mtihani, hatukuwa na mwongozo wa usahihishaji. Sasa tunauandika pamoja siku ya kutunga mtihani, hatua kwa hatua na alama ya kila hatua. Pia tunasahihisha kwa mnyororo, mmoja anachukua swali lake kwa karatasi zote 97, kama wanavyofanya wasahihishaji wa Baraza la Mitihani. Inaharakisha, na mtoto wa mkondo wa B hapimwi kwa moyo tofauti na wa mkondo wa A.

Jedwali la utahini, linalopanga mada na aina ya maswali kabla ya kutunga mtihani, nalo tulilichora kwa mara ya kwanza kwa dhati. Mtihani wetu wa zamani ulikuwa na maswali saba kati ya kumi ya kukumbuka kanuni tu.

Aprili 17

Mvua. Mahudhurio yamepungua, wengine wanafika saa tatu na viatu mkononi. Mada ya milinganyo ya vipeo vya pili imesogezwa wiki moja. Hakuna cha kuongeza.

Mei 22

Jambo la mwezi huu limenitoa jasho na nitalieleza kwa urefu.

Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha utafiti aliowagawa wanafunzi makundi: waliorudishiwa kazi na alama tu, waliorudishiwa na maoni tu, na waliorudishiwa vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio walioongezeka uwezo. Waliopata alama pamoja na maoni walifanana na wale wa alama tu. Alama ilikuwa imeyafunika maoni. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walikusanya tafiti nyingi za namna hiyo na kuonyesha kwamba upimaji unaomrudishia mwanafunzi taarifa ya kazi yake ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu kubwa katika ujifunzaji.

Nikaamua kujaribu. Testi ya vipeo na vipeuo nikairudisha bila alama hata moja, ila sentensi mbili kwa kila mtoto. Sentensi 194, usiku tatu. Mfano, ingawa niliandika kwa Kiingereza: “Umegawanya vizuri, lakini angalia tena kwa nini umejumlisha vipeo mstari wa tatu.”

Darasa lilichachamaa. “Madam, nimepata ngapi?” Hilo ndilo swali pekee nililosikia kwa siku mbili. Wakaanza kuhesabu tiki wenyewe wakalinganisha na jirani. Siku ya tatu akaja baba mzazi, amevaa koti lake la heshima, testi ya mwanawe imekunjwa mfukoni.

“Mwalimu, shikamoo ya kazi. Huyu mtoto kaniletea karatasi haina namba. Mimi sikusoma sana, maoni haya ya Kiingereza siyajui. Namba ndiyo ninayoijua.”

Nilimpa kiti. Aliyosema yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimemwandikia mtoto, nikamwacha mzazi nje ya mlango, na nilikuwa nimeandika maoni kwa lugha ile ile inayowakwamisha. Nikamsomea sentensi zile kwa Kiswahili. Akasikiliza, akasema, “Kumbe anajua kugawanya. Nyumbani huwa namwambia hajui kitu.”

Utaratibu mpya kuanzia leo: maoni kwa Kiswahili, karatasi inarudi bila alama, mtoto ana siku tatu za kusahihisha makosa kwenye daftari lake, siku ya nne alama inatoka na inaingia kwenye fomu kama kawaida. Mwalimu wa taaluma amekubali, kwa sharti kwamba alama zimfikie kwa wakati. Ni sharti sahihi. Na sentensi iwe moja, si mbili. Nina watoto wangu nyumbani pia.

Julai 10

Baridi kali, mlima haujaonekana tangu tufungue. Watoto wanaandika na mikono imeingizwa nusu kwenye mikono ya sweta.

Mada ni logi, yaani “logarithm”. Kikokotoo hakiruhusiwi, wanatumia kitabu cha majedwali, na hapo ndipo kosa la mwaka huu lilipojitokeza. Swali: kwa kutumia logi, tafuta 0.034 × 45. Kijana wa dawati la nyuma alifungua jedwali, akapata .5315 kwa 34, akajua namba ya mbele ni 2 yenye kistari juu yake. Yote sahihi. Kisha kile kistari akakisogeza kikawa mbele: −2.5315. Akajumlisha na 1.6532 ya 45, akapata −0.8783, akaitafuta .8783 kwenye jedwali la kurudisha, jibu lake 0.7556.

Jibu ni 1.53. Lakini hasi mbele ya namba nzima na kistari juu ya 2 peke yake vinatofautianaje kwa mtoto wa miaka kumi na tano? Nimefundisha jambo hili miaka mingi kwa kusema “msichanganye”, na wamechanganya miaka yote hiyo.

Niliwatoa nje mpaka kwenye ngazi za jengo la utawala. Ngazi ya juu tukaiita sifuri. Nikamwambia yule kijana: shuka ngazi mbili. Akashuka. Sasa panda .5315, zaidi kidogo ya nusu ngazi. Hawezi kusimama hewani, kwa hiyo akaweka mkono ukutani palipo zaidi ya nusu. Mkono wake ulikuwa kati ya ngazi ya kwanza na ya pili, chini ya sifuri. “Sasa ile −2.5315 yako iko wapi?” Akaangalia chini. Akashuka ngazi ya tatu mpaka nusu, akasimama hapo, akacheka. “Huku ni mbali, madam.”

Kistari kiko juu ya 2 kwa sababu 2 ndiyo iliyoshuka; .5315 imepanda. Aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake, na ndiyo sentensi niliyoinakili ubaoni kwa mkondo wa A kesho yake.

Na jambo la pili, ambalo sasa nalidai kila kipindi: kabla ya jedwali, kadiria. 45 mara takribani tatu kwa mia ni zaidi ya moja. 0.7556 ingejikataa yenyewe.

Agosti 21

Tumeanza kuwaachia watoto watunge maswali. Binti ambaye mama yake anauza nafaka soko la Mbuyuni ametunga hili: sado ya maharage ilipanda bei kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20, je, imerudi palepale? Nusu ya darasa walisema ndiyo kwa sauti kubwa. Yeye akasimama na kusema hapana, na akaweka hesabu: 10,000 ikipanda inakuwa 12,000, asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, inabaki 9,600. “Mia nne imeenda wapi?” aliwauliza. Wakabishana mpaka kengele, na mwalimu wa kipindi kilichofuata akasubiri mlangoni kwa uvumilivu mkubwa.

Swali liliandikwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kikundi chake kikaligeuza kwa Kiingereza. Mtoto aliyetunga fumbo mwenyewe anajua neno lipi limebeba uzito.

Septemba 25

Pembetatu zinazolingana: tumeshindwa. Watoto wanataja SSS (pande tatu) na SAS (pande mbili na pembe iliyo kati yake) kama wimbo, lakini kuandika uthibitisho kwa hatua, kila hatua na sababu yake, bado. Katika watoto 97 niliona uthibitisho kamili wa watoto sita. Daftari la makosa halikusaidia hapa, na nadhani najua sababu: katika kukokotoa, kosa lina mahali pake unaweza kulinyooshea kidole. Katika uthibitisho, mara nyingi kosa ni kitu ambacho hakikuandikwa. Safu ya “nilichoandika” inabaki tupu. Tungehitaji kuanza na uthibitisho uliokamilika, tukaondoa hatua moja moja, wao wajaze. Muda wa kufanya hivyo mwaka huu umekwisha.

Oktoba 23

Mtihani wa utimilifu umesahihishwa. Mpaka wa D ni alama 30. Mwishoni mwa mwaka jana waliofika 30 walikuwa 21. Sasa ni 40. Siwezi kuilinganisha mitihani miwili tofauti kana kwamba ni mizani moja, kwa hiyo tuliingiza kwa makusudi lile fumbo la mwanzo, namba zimebadilishwa: “Five less than three times a number is 22.” Waliopata safari hii ni 52.

Waliobaki 45 nimepitia karatasi zao usiku. Waliopindua namba bado wapo 19. Wengine wameandika mlinganyo sahihi wakaanguka kwenye kukokotoa, jambo ambalo Januari lilikuwa adimu. Kwa hao, Hisabati ndiyo imekuwa tatizo, na hilo najua kulifundisha.

Kuna watoto 11 ambao alama zao hazijasogea hata kidogo tangu Januari. Saba kati yao hawasomi sentensi ya Kiingereza kwa mtiririko. Wanne nimeshindwa kuwaelewa. Majina yao nimeyaandika ukurasa wa mwisho, na naanza nao vipindi vya ziada saa tisa alasiri.

Novemba 14

Upimaji umekwisha. Sikuuliza mtu yeyote mtihani ulikuwaje, walikuja wenyewe. Yule binti wa Januari alikuja na kipande cha karatasi alichokuwa amekihifadhi kwenye soksi baada ya kutoka chumbani, ameandika kwa kumbukumbu fumbo moja na mlinganyo wake. Alitaka tu nione mlinganyo. Ulikuwa sahihi.

Madaftari 91 kati ya 97 yamekusanywa. Yanakwenda na watoto Kidato cha Tatu, yanaendelea ukurasa ulipoishia, na mwenzangu atakayewapokea ameshaomba ayasome likizoni.

Orodha ya maneno ya ukutani imefika 63. Mwalimu wa Kiingereza ameichukua kwa ajili ya Kidato cha Kwanza wa Januari, watakaoanza na mtaala ulioboreshwa. Anataka kuwapa maneno kumi ya kwanza ndani ya wiki ya kwanza, kabla hawajakutana nayo kwenye mtihani. Manila za zamani zimeliwa na mchwa pembeni, tunaandika mpya. Mimi naandaa upya mada ya pembetatu, uthibitisho wa kujaza hatua, ishirini. Nimeshamaliza wanne wa kwanza kati ya wale 11 kuwahoji tena. Bado saba, na shule inafungwa wiki tatu zijazo.